Taa Iliyokataa Kuzimika

Iliwaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukiwa tumetoka Buruburu, Nairobi, kwa Barabara ya Mumias Kusini na kuingia Outer Ring pale Mutindwa. Ni kijipicha cha njano: gari dogo limeacha nyuma yake mistari miwili iliyopindapinda kama nyoka. Kando yake ikawaka nyingine, ya breki za ABS. Mwanangu wa darasa la sita ndiye aliyeiona kwanza. "Mama, gari linasema linateleza."

Barabara ilikuwa kavu, nami nilikuwa nyuma ya matatu ya Umoja kwa mwendo wa kawaida. Breki zilishika, usukani haukuvuta upande wowote. Lakini taa zile mbili hazikuzimika hadi nilipofika kazini, na jioni zikanisindikiza hadi nyumbani.

Wiki hiyo ndipo nilipoanza kuchungulia dashibodi za majirani. Katika uwanja wetu mdogo wa kuegesha, jirani wa mlango wa tatu ana Mazda Demio ambayo taa hiyo ilikuwa imewaka miezi kadhaa. Mwingine, mwenye Nissan Note, alikuwa ameibandika utepe mweusi kwa sababu ilimchoma macho usiku. Dereva wa teksi anayelaza gari lake mkabala na letu aliniambia kwa upole, "Hiyo isikusumbue, mama. Gari litatembea tu." Ni kweli gari hutembea, na kwa kuwa hutembea, watu huizoea taa hiyo mpaka wakasahau kwamba kuna kitu kimezimwa.

Kilichozimwa ni mfumo wa uthabiti wa gari. Kila kampuni imeupa herufi zake: Toyota huuita VSC, Nissan na Subaru VDC, Mazda DSC, Honda VSA, Mercedes-Benz na Suzuki ESP. Kazi yake ni ile ile. Kila gurudumu lina sensa inayohesabu kasi ya mzunguko wake. Kwenye mhimili wa usukani kuna sensa nyingine inayojua umekata kiasi gani. Katikati ya gari, mara nyingi chini ya kisanduku kilicho baina ya viti viwili vya mbele, kuna ya tatu inayohisi jinsi gari linavyozunguka na linavyosukumwa kando. Kompyuta huchukua habari zote hizo ikalinganisha unakotaka kwenda na gari linakokwenda. Bosch, kampuni iliyoutengeneza mfumo huu pamoja na Mercedes-Benz, husema ulinganisho huo hufanyika mara 25 kila sekunde. Mambo mawili yakitofautiana, kompyuta haikungoji ukanyage breki. Hubana gurudumu moja peke yake na kupunguza nguvu za injini. Gari likigoma kukata kona na kutaka kwenda moja kwa moja, hubanwa gurudumu la nyuma la upande wa ndani wa kona. Mkia ukitaka kuruka, hubanwa la mbele la upande wa nje. Mguu wa binadamu hauwezi kazi hiyo, maana pedali ya breki ni moja na magurudumu ni manne.

Fikiria Outer Ring jioni ya mvua ya Aprili. Matatu iliyo mbele yako inasimama ghafla katikati ya barabara kubeba abiria. Unakata usukani kulia kuikwepa, kisha unaurudisha kushoto haraka ili usigonge kingo. Pale pa kurudisha ndipo gari hukosa mshiko, mkia ukatangulia.

Mwendo huo wa kukwepa na kurudi ndio ulioipindua Mercedes-Benz A-Class nchini Uswidi mnamo Oktoba 1997, mwandishi Robert Collin wa jarida la Teknikens Värld alipoijaribu kama dereva anayemkwepa mnyama mkubwa aliyejitokeza barabarani. Mercedes ilikuwa na ESP tangu 1995, ila katika magari yake ya kifahari. Baada ya aibu ile ilisimamisha kuuza A-Class kwa miezi 3, kisha ikalirejesha sokoni gari hilo la familia za kawaida, kila moja likiwa na ESP ndani yake. Marekani ikauweka mfumo huu kuwa sheria kwa magari madogo yote kuanzia modeli za 2012. Mamlaka yake ya usalama barabarani, NHTSA, ilikadiria kwamba ungepunguza ajali za gari linalopata ajali peke yake kwa asilimia 34 kwa magari ya kawaida, na 59 kwa magari marefu ya SUV. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa magari mapya yote mnamo Novemba 2014.

Inayotuhusu zaidi sisi ni Japani, iliyoanza kuulazimisha kwa modeli mpya Oktoba 2012. Kiwango cha KS 1515:2000 cha shirika letu la viwango, KEBS, hakiruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na magari mengi ya mitumba tunayoyanunua hutoka huko huko Japani. Piga hesabu. Karibu kila gari dogo linaloteremshwa Mombasa siku hizi lina sensa nne za magurudumu, pampu ya ABS na kompyuta ambayo Peugeot 504 ya baba yangu haikuwahi kuiota. Kwa hiyo taa hii si ya matajiri wa Karen. Ni ya Kayole, ya Komarock, ya Donholm, ya Dandora.

Sasa nirudi kwa gari langu, Toyota Fielder. Wiki moja kabla ya taa kuwaka, gurudumu la mbele kushoto lilikuwa likivuma. Ukiongeza mwendo, mvumo unaongezeka. Mashimo ya barabara za ndani ya mtaa yalikuwa yameimaliza beringi. Nikapeleka gari kwa fundi wa karibu, akaitoa, akaweka mpya, mvumo ukaisha. Nilimshukuru. Safari ya kwanza ndefu baada ya hapo taa zikawaka, nami sikuyahusisha mambo hayo mawili hata kidogo.

Fundi wa kwanza kuitazama taa alichomeka kifaa kidogo kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akasoma kitu kwenye simu yake, akabonyeza, taa zikazimika. Nikamlipa shilingi 1,000. Sikumaliza mita mia tatu zikarudi. Wa pili alisema ni sensa ya gurudumu. Tukanunua moja ya mtumba Barabara ya Kirinyaga, mahali ambapo wenye magari bado huita Grogan, kwa shilingi 4,500. Ikafungwa, taa zikakaa pale pale. Wa tatu hakugusa hata gurudumu. Alisikiliza hadithi, akatikisa kichwa, akasema pampu ya ABS imekufa na kwamba anaweza kunipatia nyingine kwa shilingi 28,000. Nilikuwa nimeshatoa simu kutuma arubuni kwa M-Pesa, mwenzangu wa kazini aliponizuia. "Kwanza kamwone mzee mmoja Kariobangi."

Kariobangi Light Industries iko hatua chache tu kutoka Outer Ring. Unaingia katikati ya mlio wa grainda na harufu ya vyuma vinavyochomelewa, mageti na madirisha yamesimamishwa kando ya njia, na katikati ya hayo yote kuna magari yaliyofunguliwa matumbo. Mzee niliyeelekezwa kwake ana mvi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alianzia kwenye Datsun na Peugeot, zama ambazo ugonjwa wa gari ulisikika kwa sikio. Alinikaribisha kwenye benchi, na swali lake la kwanza halikuhusu taa.

"Mama, kabla ya taa kuwaka, nani alilifungua gari hili mara ya mwisho, na alifungua wapi?"

Nikamweleza habari ya beringi. Akanyamaza kidogo. "Sawa. Hapo tutafika. Lakini tusiparukie."

Akaanza na vitu ambavyo havihitaji kompyuta. Alizunguka gari akiinama kusoma maandishi ya kando ya tairi zote nne: 175/65R15, zote sawa. Akapima upepo. Akaweka mita kwenye betri: volti 12.5 injini ikiwa imezimwa, 14.1 ikinguruma. Akamwambia kijana wake asimame nyuma ya gari nami nikanyage breki. Taa zote tatu za nyuma zikawaka. Akaniomba niendeshe polepole nikiuachia usukani kidogo, aone kama umekaa sawa gari linapokwenda moja kwa moja. Hayo yote yalichukua dakika kama kumi na tano, na hakuna fundi kati ya wale watatu aliyeyafanya.

Ndipo akaleta skana yake, pana kama sahani. Alinieleza kwa nini ile ya simu haikutosha. Misimbo ya hitilafu huanza na herufi: P ni ya injini na gia, C ni ya breki, usukani na magurudumu, B ni ya bodi, U ni ya mawasiliano baina ya kompyuta zenyewe. Vifaa vingi vya bei rahisi husoma P tu. Fundi akiwa nacho hicho peke yake, hukosa kuona C na kuanza kubahatisha. Skana ya mzee ilitoa C0205, ambao katika Toyota nyingi maana yake ni kwamba ishara ya sensa ya mbele kushoto haifiki ipasavyo.

"Wengi wakiuona msimbo huu wananunua sensa," alisema. "Msimbo haujasema sensa imekufa, mama. Umesema habari hazifiki. Habari zaweza kukatika njiani, zaweza kukosa wa kuzitoa."

Kisha akafanya jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alione walau mara moja. Alifungua ukurasa wa skana unaoonyesha kasi ya kila gurudumu gari likiwa linatembea, akanipa skana niishike, akaendesha mwenyewe kwenye kijia cha vumbi nyuma ya vibanda. Namba tatu zilipanda pamoja: 9, 14, 18. Ya nne, mbele kushoto, ilibaki 0. Gurudumu lilikuwa likizunguka, nalo lilikuwa limetubeba, lakini kompyuta iliamini limesimama. Mfumo wowote wenye akili ukiambiwa kwamba gurudumu moja kati ya manne limekwama katika mwendo wa kilomita 18, utajiondoa kazini na kuwasha taa. Ulikuwa umefanya haki kabisa.

Tuliporudi alipandisha gari kwa jeki, akaifuata waya kutoka kwenye sensa hadi ndani, akiiminya kwa vidole kila hatua. Haikuwa imekatika. Akatoa sensa, akaiunga na betri kupitia mita, akapitisha sumaku ndogo mbele ya pua yake. Mshale wa mita ukaruka kutoka miliampea 7 hadi 14, ukashuka, ukaruka tena. Sensa ilikuwa hai. Ile ya zamani niliyokuwa nimeitupa kwenye buti, akaipima vilevile, nayo ilikuwa hai. Shilingi zangu 4,500 zilikuwa zimenunua mbadala wa kitu kisichokuwa na kasoro.

"Mtazamaji mzima, njia nzima," mzee akasema. "Basi anachokitazama ndicho hakipo."

Alimtuma kijana kwa jirani anayesaga vyuma, akarudi na unga wa chuma kwenye karatasi. Kutoka kabatini mzee akatoa beringi mpya ya Fielder, bado ina mafuta yake. Alitandaza karatasi nyembamba juu ya upande mmoja wa beringi, ule wenye ukingo mweusi, akaunyunyizia unga ule kidogo kidogo kama anayetia chumvi kwenye mchuzi, kisha akaigongagonga karatasi kwa ukucha. Unga ukajipanga. Kuzunguka duara lote ukatokea mstari, nafasi, mstari, nafasi, kama meno ya kitana. Akaigeuza beringi, akafanya vile vile upande wa pili. Unga ukalala tu ulivyoanguka.

Zamani, alinieleza, sensa ilitazama gurudumu la chuma lenye meno, na fundi aliyaona kwa macho. Katika magari mengi ya sasa meno hayo yamekuwa sumaku zilizofichwa ndani ya ukingo wa beringi, hazionekani wala kuguswa. Beringi inaingia vizuri kwa pande zote mbili. Inazunguka vizuri kwa pande zote mbili. Lakini upande mmoja tu ndio unaozungumza na sensa. Ukiiingiza kinyume, mvumo utaisha, gari litakwenda, na sensa itakodolea macho chuma kisichosema neno.

Beringi yangu ilikuwa imeingizwa kinyume. Iliposhindiliwa nje kwa pressi tuliona ukingo mweusi umetazama nje, upande wa rimu. Haikuweza kugeuzwa na kurudishwa, kwa sababu nguvu ya pressi hupita kwenye gololi na kuzitia makovu. Beringi iliyotolewa hivyo itaanza kuvuma tena muda si mrefu. Nikanunua mpya kwa shilingi 3,800. Mzee akaifunga, ukingo mweusi ukitazama ndani, akarudisha ile sensa yangu ya kwanza, akafuta misimbo mwisho wa kazi, si mwanzo, tukaenda pamoja hadi mzunguko wa Kariobangi na kurudi. Namba nne zilipanda kwa pamoja. Taa hazijarudi hadi ninapoandika haya.

Siwasimangi mafundi wale watatu, wala yule aliyeweka beringi. Sijawataja na sitawataja. Lakini nimelifikiria sana jambo hili, na naona kosa liko pia kwetu sisi wenye magari. Ukienda gereji za kwetu Eastlands, tumezoea kulipia kitu kinachoshikika. Tunalipa spea, tunalipa kufunga na kufungua. Fundi akikaa saa nzima akipima na kufikiri, kisha akakuambia tatizo ni waya wa shilingi mia, tunahisi ametuibia. Mafundi wanalijua hilo. Ndiyo maana anayebadilisha kitu hula, na anayepima hulala njaa. Mzee alinitoza shilingi 1,500 za kupima, akazitaja peke yake, mbali na gharama ya kufunga. Kwa hesabu yangu ndizo pesa nilizozitumia vizuri kuliko zote katika mkasa huu.

Visababishi vingine vya taa hii nimevijua kwa kukaa kwenye lile benchi, maana nilirudi mara mbili zaidi kuandika. Kinachowachanganya wenye Toyota wengi ni taa ya injini. Injini ikipata hitilafu, hata ya plagi au koili tu, Toyota nyingi huuzima mfumo wa VSC kwa makusudi na kuwasha taa zote mbili. Mtu akaanza kufungua breki, kumbe ugonjwa uko kwenye moto wa injini. Taa ya injini ikiwaka pamoja na hiyo ya kuteleza, shughulikia injini kwanza.

Demio ya jirani yangu ilikuwa na ugonjwa wa aina nyingine. Mzee aliinama, akasoma tairi: mbele 175/65R14, nyuma 185/70R14, alizozinunua za mitumba kwa haraka siku moja ya pancha mbili. Zote zinaingia kwenye rimu ya inchi 14, lakini zile za nyuma zimezidi za mbele kipenyo kwa sentimita 3 hivi. Tairi kubwa huzunguka mara chache kwa safari ile ile, kwa hiyo kompyuta kila siku iliona magurudumu ya mbele yanakimbia kuliko ya nyuma. Alipoweka tairi nne za kipimo kimoja, taa ikazimika na haijawaka tena.

Kuna swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki, inayowasha taa za nyuma. Ikifa, kompyuta inaona breki zina shinikizo ilhali swichi inasema hujakanyaga, nayo haijui imwamini nani. Ni spea ya bei ndogo, na kuikosa ni hatari mara mbili, kwa sababu anayekufuata haoni ukisimama. Usiku rudisha gari karibu na ukuta, kanyaga, utazame kama ukuta umekuwa mwekundu. Kuna betri: ikitolewa au kufa, baadhi ya magari husahau katikati ya usukani ni wapi. Katika Mazda nyingi unawasha injini, ukazungusha usukani hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto, ukazima na kuwasha tena. Na baada ya kulinganisha magurudumu, yaani ile kazi ya mashine inayofanywa mashimo yakishalivuruga gari, usukani ukibaki umeinama upande, rudi kwa aliyekufanyia. Gari linakwenda moja kwa moja na sensa inasema linakata kona. Taa itawaka tu. Kazi ya kuipa sensa hiyo sifuri mpya, pamoja na ile ya katikati ya gari, hufanywa kwa skana, gari likiwa limesimama mahali tambarare kabisa, bila mtu kuliegemea.

Panya nao wamo. Magari yetu hulala nje, karibu na mapipa, na waya zilizo chini ya boneti zina joto usiku. Mzee alinionyesha waya wa sensa uliotafunwa mpaka shaba ikang'aa. Vilevile zile mashine za maji zenye nguvu tunazooshewa matope: mwombe kijana asielekeze mdomo wa bomba nyuma ya gurudumu, plagi za sensa ziko hapo.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyowatoa watu majumbani Mathare na Mukuru, yaliacha pia magari yaliyoloa hadi viti. Sensa ya katikati hukaa chini, usawa wa zulia. Ukinunua gari sasa, inua zulia, shika sponji iliyo chini yake, nusa. Kisha geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake kabla ya kuwasha injini. Taa ya gari linaloteleza lazima iwake na nyingine, kisha izimike baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ametoa balbu yake au kuiunganisha na nyingine ili usiione. Gari la namna hiyo liache.

Barabarani nalo kuna la kujua. Taa hiyo ikiwaka na kuzimika kwa sekunde mbili tatu gari likiwa kwenye kona au matope, ujue mfumo unafanya kazi, punguza mwendo. Ikikaa imewaka, mfumo umejizima, breki za kawaida zipo, nenda taratibu na upange siku ya kupima. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, simama pahali salama usiendelee, huenda mafuta ya breki yamepungua au mgawanyo wa breki za mbele na nyuma umeharibika. Na ile swichi ya kuzima mfumo kwa mkono ina kazi yake. Ukikwama kwenye tope jeusi la Ruai au Njiru wakati wa masika, mfumo hukata nguvu za injini kila gurudumu linapoteleza, nawe hutoki. Uzime, utoke, uuwashe tena ufikapo lami.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyoeneza duniani kote jina la sekta isiyo rasmi, ikiwatetea mafundi wa jua kali kama watu wenye ujuzi na tija. Zaidi ya nusu karne baadaye, fundi wa Kariobangi ndiye anayeshika breki za magari ambayo kompyuta zake ziliundwa Japani. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambayo ofisi zake ziko Barabara ya Commercial, Industrial Area, safari fupi kutoka Eastlands, huwapa mafundi mitihani ya ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Naiomba ilete mafunzo ya sensa na misimbo ya C hadi kwenye vibanda vyenyewe, jioni, kazi zikiisha, kwa kuwa fundi anayelipwa kwa siku hawezi kufunga kibanda wiki mbili akakae darasani. Na kaunti ikiwapa wenye gereji kumi skana moja nzuri ya kutumia kwa zamu, itakuwa imefanya kazi kubwa ya usalama barabarani katika nchi inayozika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa ajali.

Kijana wa yule mzee, mwenye miaka kama ishirini, sasa ameandika kwa kalamu ya rangi kwenye ukuta wa kibanda, chini ya rafu ya beringi: UPANDE MWEUSI NDANI. Na wewe unayesoma haya huku taa hiyo ikiwaka kwenye gari lako, kabla hujatuma shilingi hata moja ya spea, mwambie fundi akuonyeshe kasi ya magurudumu manne kwenye skana, gari likitembea. Akishindwa, mlipe haki yake ya siku, uchukue ufunguo, utafute anayeweza.